Trauti mlimani mwezi wa saba: ni lazima alfajiri?

baharia_mld
Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Mimi niko Malindi, kazi yangu ni boti za kuvulisha wageni, sulisuli, nguru, jodari, mambo hayo nayajua. Saa hii kusi limekaza, boti zimepandishwa juu, huku ni kupaka rangi na kukwangua mpaka upepo ulegee. Sasa kuna mgeni wangu mmoja Muitaliano, tunajuana zamani, anakuja mwezi wa saba na safari hii bahari haitaki, anataka twende mlimani akavue samaki wa trauti kwa flai, zile ndoana zilizofungwa manyoya zifanane na mdudu, upande wa Nyeri na Naro Moru, mimi niwe msaidizi na mkalimani wake. Nimekubali, manake lo sizoni hii mtu hachagui kazi.

Swali langu ni hili. Kila siku ananitumia voisi ananiambia huu ni msimu wa joto kwa hivyo lazima tuwe mtoni kabla jua halijatoka, na ikifika saa tano tuwe tushafunga, eti maji yakipata moto trauti hagusi chambo, na hata ukimpata ukamwachia anakufa. Nikaingia mtandaoni kusoma nikakuta kweli wote wanasema hivyo hivyo, asubuhi, asubuhi, asubuhi. Lakini najiuliza, mwezi wa saba Nyeri kuna joto gani jamani? Watu wa huko wakija Malindi mwezi huo wanakuja kuota jua. Sasa huo ushauri unafanya kazi Kenya ama ni wa kwao huko? Na mto wenyewe mwezi wa saba wa nane unakuwaje, umejaa, umekauka, una tope? Anayejua anielezee kama anamwelezea mtu wa bahari, manake mimi mto ninaoujua ni Sabaki na huo ukiingiza mkono vidole huvioni.

mzee_wa_rodi
Asubuhi ndiyo asubuhi kijana wangu. Samaki wa bahari, samaki wa mto, wote wanakula alfajiri, hiyo haina mjadala. Msikilize mgeni, ndiye analipa.

dereva_wa_mlima
Wa aleikum salaam ndugu yangu. Mimi mtu wa Ganda hapo lakini naendesha gari la wageni, Nyeri na Nanyuki nashinda huko zaidi kuliko kwangu, na wavuvi wa trauti nimewabeba sana, nakaa nao mtoni siku nzima nikiwashikia wavu. Mgeni wako hajakudanganya, ila anazungumzia mto wa kwao.

Trauti ni samaki wa baridi. Anakaa raha kwenye maji ya digrii 10 mpaka 16 hivi, yakipita 20 anaanza kutaabika, yakikaribia 25 hapo ni kifo. Na si joto lenyewe tu, ni pumzi. Maji baridi yanabeba oksijeni nyingi, ya moto yanabeba kidogo, yaani maji ya digrii 10 yanaweza kubeba kama miligramu 11 kwa lita na ya digrii 25 ni 8 na kitu, na hizo ni hesabu za usawa wa bahari, huko juu mlimani inapungua zaidi. Sasa samaki akipata joto mwili unataka pumzi nyingi na wakati huo huo maji yamepungukiwa, umpige vita kwenye mshipi dakika kumi halafu umwachie, anaondoka unaona mzima kumbe anaenda kufia mbele. Hapo mgeni wako yuko sawa kabisa.

Kwao mwezi wa saba jua linawaka saa kumi na tano kwa siku, mto unachemka mchana kutwa halafu unapoa usiku, kwa hivyo maji ya baridi kuliko yote ni ya alfajiri. Tena Muitaliano kama anatoka upande wa Alps ana sababu nyingine juu ya hiyo. Kule juu kuna barafu, jua likichoma mchana barafu inayeyuka, alasiri mto unapanda na kugeuka mweupe kama maji ya kuoshea mchele, samaki haoni kitu. Akiwahi asubuhi anayakuta maji madogo na masafi. Sasa njoo kwetu uniambie barafu ya Mlima Kenya iliyobaki inaweza kujaza mto gani, imeisha karibu yote.

Huku tuko kwenye ikweta, mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima, na mwezi wa saba wa nane ndio baridi yenyewe ya Nyeri. Wingu linalala chini, manyunyu, jua unaweza kulikosa siku kadhaa. Sehemu za kuvua ziko mita 2,000 kwenda juu, mto unapita chini ya miti na mianzi, maji hayapati nafasi ya kuchemka hata kidogo. Alfajiri ukiingiza mkono baridi inauma mpaka kwenye mfupa. Trauti yuko, hajaenda popote, ila amejikalia chini ya jiwe, mwili wake mzito na wadudu bado hawajatoka, flai yako itampita hapo puani asiiangalie. Sisi na wageni wanaoijua hii mito tunakunywa chai tukashiba, tunaingia saa nne hivi, na saa nzuri ni kuanzia saa tano mpaka saa tisa, haswa wingu likifunguka kidogo maji yapate joto la digrii moja mbili. Utaona vijidudu vyenye mbawa zilizosimama vinaanza kutoka kwenye maji na kuruka, halafu nyuma ya jiwe unaona duara dogo kwenye maji, linafunguka na kupotea. Huyo ndiye, amekula.

Kuhusu hali ya maji. Mvua za masika zinaisha mwezi wa tano, mwezi wa sita mto unaanza kusafika, wa saba unakuwa na maji mengi lakini safi, mazuri tu. Tatizo la msimu huo kwetu si joto, ni mvua ya ghafla huko juu. Wewe umesimama kwenye ukavu, juu msituni imenyesha, baada ya muda maji yanapanda. Dalili ya kwanza si maji kupanda, ni majani na vijiti vinaanza kuja na povu, halafu rangi inageuka. Ukiona hivyo toka, usisubiri goti lilowe. Na Gura usiichezee kabisa, ule mto una mbio na mawe yake yanateleza.

Kama mwaka una joto lake kwetu basi ni mwezi wa kwanza mpaka wa tatu kabla masika hayajaingia. Hapo mito ya upande wa magharibi, Naro Moru na Burguret, inakuwa midogo, manake na mashamba ya chini nayo yanavuta maji. Hapo ndio ushauri wa mgeni wako unaanza kuwa na maana, na hata hapo ni sehemu za chini tu, ukipanda juu msituni bado ni baridi.

mzee_wa_rodi
Maneno mengi. Mimi nimevua tangu hujazaliwa na saa sita mchana samaki analala, popote pale.

dereva_wa_mlima
Mzee wangu shikamoo, sibishani na wewe kwa bahari, huko wewe ni mwalimu. Lakini bahari ya Malindi alfajiri ni digrii 25 na zaidi, samaki wako ameamka na joto lake. Huyu ameamkia kwenye friji.

baharia_mld
Haha mzee usikasirike. Dereva shukran sana, hii ndiyo nilikuwa nataka. Sasa nimwambie vipi mgeni bila kumvunjia heshima? Huyu jamaa kwao anavua tangu mtoto, na voisi zake ni ndefu.

mlindi_montana
Habari zenu wandugu. Mimi wa Barani, Malindi, lakini niko Marekani miaka sasa, jimbo la Montana, na huku trauti ni kama mpira, kila mtu ana maoni. Nikuongezee kidogo, labda itakusaidia kuongea na mgeni wako.

Huku mwezi wa tano na wa sita mto haukaribiki, theluji ya milimani inayeyuka yote kwa pamoja, maji ya tope na magogo yanapita. Mwezi wa saba mwanzoni unashuka na kusafika, hapo ndio raha, wadudu wa kila aina wanatoka. Halafu kuanzia mwisho wa mwezi wa saba mpaka wa nane mito ya mabondeni inapungua na kupata moto. Serikali ya jimbo inapima maji, yakigonga digrii 73 za Fahrenheit, hiyo ni kama 23 za kwetu, siku tatu mfululizo, wanaweza kufunga uvuvi kuanzia saa nane mchana mpaka saa sita usiku. Unaruhusiwa asubuhi tu. Kwa hivyo hizo makala unazosoma mtandaoni nyingi zimeandikwa na watu wa mito ya namna hii na ni kweli kwao.

Lakini hata huku si kila mto. Uko mto Bighorn unatoka chini ya bwawa la Yellowtail, maji yanachotwa kutoka kina cha bwawa, kwa hivyo mwezi wa nane mchana wa jua kali bado ni baridi, watu wanavua saa saba mchana na hakuna anayewaambia kitu. Vijito vya juu milimani vilevile, huko wenyeji wanasubiri jua lifike majini ndio waanze. Na kuna mambo ya panzi. Mwezi wa nane majani yamekauka, upepo wa mchana unawarusha panzi mtoni, trauti wakubwa wanasogea kabisa kando ya ukingo kuwasubiri, na hiyo haitokei alfajiri manake panzi mwenyewe asubuhi ana umande, hawezi kuruka.

Kwa hivyo usimwambie mgeni kwamba amekosea. Mwambie alete kipimajoto. Kila mvuvi wa huku anacho kwenye fulana, kidogo tu kina kamba. Mkifika mtoni akitie majini mwenyewe, asome mwenyewe. Maji yakiwa chini ya 10 atajua hakuna haja ya kukimbizana na alfajiri. Mtu anayejua trauti ukimwonyesha namba hahitaji kubishana.

baharia_mld
Hiyo ya kipimajoto nimeipenda. Kwetu boti ina skrini inaonyesha joto la maji na kepteni anafuata hiyo kutafuta samaki, kwa hivyo hata mimi ntaielewa. Na huyo Muitaliano anapenda vifaa sana, ataleta viwili.

mwana_wa_amu
Salaam kutoka Lamu. Mimi si mvuvi wa mto, nimepita tu lakini mambo yenu yamenikamata. Naomba kuuliza, hiyo Gura mnayoitaja maji yake yanakwenda wapi? Manake sisi upande wa Kipini mto Tana ukiya na mvua za bara maji yanageuka mpaka baharini, kamba wanakuwa wengi na maji ya kunywa yanakuwa shida. Ni maji hayo hayo?

dereva_wa_mlima
Mwana wa Amu, ndiyo hayo hayo. Gura na Chania zinatoka Aberdare zinaingia kwenye Sagana, na Thego na Ragati za Mlima Kenya zinaingia huko huko, na Sagana ikishuka ndiyo Tana, ije mpaka Kipini. Kwa hivyo trauti na kamba wenu wanakunywa mto mmoja, ila huku juu ni digrii 10 na huko kwenu mamba wanaota jua. Naro Moru na Burguret hazimo, hizo zinakwenda kaskazini kwenye Ewaso Ng'iro, hazifiki bahari.

Na hilo la tope ni muhimu kwa baharia pia. Maji ya ndani ya msitu mvua ikinyesha yanachafuka kidogo na kusafika haraka, unaweza kupumzika mchana mmoja ukarudi kesho yake. Yale ya chini yaliyoshapita kwenye mashamba ya viazi na chai yanabeba udongo, na hayo yanachukua muda. Kwa hivyo mvua ikiwapata msikae hotelini kusikitika, pandeni juu zaidi.

mwana_wa_amu
Ahsante. Kumbe tope la Kipini lina mwenyewe. Na hao trauti walikuwako tangu zamani ama waliletwa?

dereva_wa_mlima
Waliletwa. Wa kwanza 1905, mayai yake yalitoka Scotland, aliyeleta ni Grogan yule mlowezi, na wakatiwa Gura. Hao ni trauti wa kahawia. Wale wa upinde wa mvua asili yao ni Marekani huko kwa mlindi_montana, walikuja baadaye kupitia Afrika Kusini, na ndio wengi kwenye mito ya Mlima Kenya siku hizi. Iko na stesheni ya kuzalisha vifaranga upande wa Kiganjo. Wa kahawia ni mjanja zaidi, anakaa kivulini, ukimtishia mara moja hurudii. Wa upinde wa mvua anarukaruka, wageni wanampenda.

mzee_wa_rodi
Na wana ukubwa gani hao samaki wenu wa friji? Tusije tukasafiri mbali kote huko kwenda kuvua dagaa.

dereva_wa_mlima
Wadogo mzee. Kwenye vijito ukipata wa nusu kilo umepata, wengi ni robo. Wakubwa wako kwenye maziwa ya juu mlimani, ziwa Alice, Rutundu, lakini huko ni safari nyingine. Mtu haendi kwa uzito, anaenda kwa sababu ya namna anavyokula. Unamuona, unamrushia, anainuka, anaiangalia, anakataa. Hiyo inaweza kumfanya mtu mzima akae jiwe moja toka saa nne mpaka saa nane.

mzee_wa_rodi
Nusu kilo. Subhanallah. Pesa za wazungu zinatafuta pa kwenda.

baharia_mld
Mzee wacha ziende, na mimi nipite nazo. Dereva na Montana, maswali ya mwisho. Moja, kumwachia samaki, sisi sulisuli tunampiga tagi tunamshika mdomo kando ya boti huku boti inatembea pole pole maji yapite kwenye mashavu mpaka apate nguvu. Huyu mdogo anafanywaje? Mbili, nguo. Tatu, vitu gani nibebe mimi mwenyewe, mgeni ana vyake lakini sitaki nionekane sijui kitu. Na vibali?

mlindi_montana
Kumwachia ni hesabu ile ile ila hapa hutembezi boti, mto wenyewe unatembea. Lowesha mikono kwanza, mkono mkavu unamtoa ule utelezi wake na huo ndio kinga yake. Msiminye tumbo. Muelekeze kichwa kule maji yanakotoka, mshikilie chini kwa wepesi kwenye maji yanayokwenda polepole, si kwenye maporomoko, mpaka apige mkia mwenyewe. Usimsukume mbele na nyuma, maji yanatakiwa yaingie mdomoni yatokee kwenye mashavu, ukimrudisha nyuma unamkaba. Na ndoana, kile kijino chake mkibane kwa koleo kilale, inatoka bila damu. Picha ni moja tu, kamera iwe tayari kabla samaki hajatoka majini.

dereva_wa_mlima
Nguo: kikoi acha Malindi. Beba sweta la maana, koti la mvua, soksi za sufi za ziada, na buti ambazo chini zinashika, si za plastiki laini, mawe yana ukungu wa kijani. Usiku huko juu mwezi wa saba unaweza kuamka ukute barafu nyembamba kwenye kioo cha gari.

Vibali: leseni ya uvuvi wa trauti inatoka kwa watu wa uvuvi, na mkiingia ndani ya hifadhi ya Aberdare au Mlima Kenya mnalipa kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori, mbali. Ndani ya hifadhi chukueni askari mwenye bunduki, si mapambo, nyati anapenda kulala kwenye vichaka vya mtoni na sauti ya maji inamfanya asiwasikie mkija. Ndovu vilevile. Mtu wa flai anaangalia maji tu, kwa hivyo kazi yako wewe ni kuangalia nyuma yake. Na usibebe nyungunyungu, kwenye hii mito ni flai tupu.

Vitu vyako: lida, yaani uzi wa mwisho unaofungwa flai, nyembamba ya paundi 4 au 5, hiyo mshipi ya bahari ya paundi 50 acha kwenye boti. Flai ndogo, namba 12 mpaka 16, nyeusi nyeusi. Kenya Bug usikose, ni nyeusi mbovu mbovu haina sura lakini inafanya kazi kuliko zile za kupendeza, na Coachman moja mbili kwa saa ile wadudu wanaporuka. Zoea kurusha fupi. Huko hakuna nafasi ya kurusha kama kwenye video, nyuma yako ni mianzi, utarusha mita tano sita tu, tena kwa kuinama. Trauti anaangalia kule maji yanakotoka manake ndiko chakula kinakotoka, kwa hivyo wewe njoo kwa nyuma yake, panda mto, usishuke nao. Flai iache ije na maji yenyewe, ikikokotwa na mshipi hata sentimita chache anajua si chakula.

Mkipita Karatina mniambie, nikiwa upande huo ntakuonyesha mahali pa kushukia Ragati, si mbali na barabara.

baharia_mld
Mungu awabariki. Dereva nakutumia namba inboksi. Nishamwandikia mgeni alete kipimajoto na aache saa yake ya kengele ya saa kumi alfajiri, amejibu kwa voisi ya dakika saba, naisikiliza sasa.